Kengele ya Waliopotea: Njia za Mbio kutoka Le Puy hata Conques

Mtu akilisikia neno «mbio», mara huwaza uwanja wa mchezo, mistari iliyochorwa kwa chokaa, mwamuzi mwenye saa mkononi, na umati wa watu wanaopiga makofi. Lakini ziko mbio za namna nyingine, zisizo na uwanja wala mistari. Mkimbiaji hutoka mlangoni alfajiri, hushika kijia cha wachungaji, hupanda kilima, hushuka bondeni, huvuka mto, wala harudi mpaka jua limekuwa kali. Mbio hizi za vijiani zimepata wapenzi wengi katika Ulaya tangu mwisho wa karne iliyopita. Leo twataka kuwaonyesha wasomaji wetu nchi moja ya Ufaransa ambamo hufanyika juu ya njia ya kale sana: njia ya mahujaji itokayo Le Puy-en-Velay kwenda Conques, na mbele zaidi hata Santiago de Compostela katika Hispania.

Labda msomaji atauliza: «Yatufaa nini sisi wa Kivu na Katanga kuvijua vijia vya Wafaransa?» Swali hilo si baya. Katikati ya njia hiyo ilikuwako kengele moja, nayo ina neno la kumwambia kila mtu akimbiaye, awe Ulaya, awe Kongo. Tutaifikia. Kwanza tufunge viatu vyetu, tuanze mwanzo.

MJI WA MIAMBA MYEUSI

Le Puy ni mji wa mkoa wa Haute-Loire, katika milima iliyo upande wa kusini ya katikati ya Ufaransa. Kimo chake ni metri 630 hivi juu ya bahari. Mtu wa Goma angeifahamu nchi hiyo upesi, kwa maana imezaliwa na moto wa ardhi. Volkano zake zilizimika zamani sana, bali zimeacha miamba iliyosimama wima katikati ya mji kama vidole. Juu ya mwamba mmoja, wenye kimo cha metri 82, limejengwa kanisa dogo la Malaika Mkuu Mikaeli. Apandaye huhesabu vidato 268. Juu ya mwamba mwingine imesimama sanamu kubwa ya Bikira Maria amchukuaye Mtoto Yesu. Ilitengenezwa kwa chuma cha mizinga 213 iliyotekwa katika vita vya Krimea, ikazinduliwa mwaka 1860. Hivyo vyombo vya kuulia vikageuzwa kuwa sura ya Mama wa Amani.

Katika mwaka 950 Askofu wa mji huo, jina lake Godescalc, alifunga safari kwenda kuhiji kwenye kaburi la Mtume Yakobo. Alirudi mwaka uliofuata. Yeye ni mmoja wa mahujaji wa kwanza, kati ya wale wasiotoka Hispania, ambao majina yao yanajulikana. Tangu siku hizo miguu ya watu imeikanyaga njia ile, mara wengi, mara wachache. Hata leo, asubuhi mapema, mahujaji hukusanyika katika kanisa kuu kwa Misa, hupewa baraka, kisha hutoka kwa mlango mkubwa na kushuka ngazi. Njia yaanzia palepale.

Kutoka Le Puy hata Compostela ni kilometri 1.500 hivi. Hata Conques ni kilometri 200 na zaidi kidogo, mwendo wa siku kumi kwa mtu aendaye kwa miguu. Wakimbiaji wengi hawaimalizi yote kwa mara moja. Huchagua sehemu ya kilometri 15, au 20, au 30, wakalala kijijini, wakaendelea kesho yake.

ALAMA NYEUPE NA NYEKUNDU

Je, mgeni hujuaje njia katika milima asiyoifahamu? Baada ya vita kuu ya pili, mwaka 1947, Wafaransa walianza kuzitia alama njia zao ndefu za miguu. Alama ni mistari miwili mifupi ya rangi, mweupe juu na mwekundu chini, iliyopakwa juu ya jiwe, au mti, au pembe ya nyumba. Mistari ile ikipita mmoja juu ya mwingine kama msalaba wa Mtakatifu Andrea, maana yake: «Usishike njia hii, umekosea.» Njia yetu hii imepewa namba 65.

Jambo la kustaajabisha ni hili: alama hizo hazipakwi na askari wala na watumishi wa serikali. Hupakwa na watu wa kujitolea, waume kwa wake, waendao na kopo la rangi na burashi, wakikata miiba na kuondoa miti iliyoanguka. Hawapati mshahara. Mkimbiaji apitaye upesi haoni nyuso zao, walakini kila hatua yake yategemea kazi yao. Ni vema afikiri hivyo kabla ya kujisifu kwamba ameshinda peke yake.

KUSHUKA NA KUPANDA

Sehemu ya kwanza, kutoka Le Puy hata Saint-Privat-d'Allier, ni kilometri 24 hivi. Mkimbiaji hupita katikati ya mashamba yenye kuta za mawe meusi. Humo hulimwa dengu ndogo za kijani, zilizolipatia jina la Le Puy sifa katika masoko ya Ulaya. Udongo wa volkano huzipendeza, kama vile udongo wa Rutshuru upendezavyo maharagwe. Njia ni pana, nayo haina mwinuko mkali. Mwanafunzi wa mbio aweza kuijaribu.

Baada ya Saint-Privat mambo hubadilika. Penye kikanisa cha Mtakatifu Yakobo cha Rochegude, kilichoketi juu ya mwamba, mkimbiaji huona chini yake korongo la mto Allier. Toka hapo hata daraja la Monistrol atashuka zaidi ya metri 300 kwa mwendo mfupi, juu ya mawe na mizizi. Vijana wengi hudhani kwamba kupanda ndiko kugumu na kushuka ni mchezo. Sivyo. Kupanda huchosha pumzi, bali kushuka huvunja miguu. Mtu mwenye akili hukata hatua fupi, hulegeza magoti, hutazama mbele hatua tatu au nne, wala hashindani na mwenzake penye mawe yaliyolowa. Mwenda pole hajikwai.

Ng'ambo ya mto njia hupanda tena hata uwanda wa juu wenye kimo cha metri 1.000 hivi. Hapo wakimbiaji wazoefu hawaoni haya kutembea. Huweka mikono juu ya mapaja, hupumua polepole, hupanda kama mama aliyejitwika mzigo wa kuni. Kumbe mama huyo ndiye mwalimu wao, ingawa hajui.

SAUGUES: MNYAMA NA MWALIMU

Juu ya uwanda kuna mji mdogo wa Saugues. Wenyeji wake hupenda kusimulia habari za Mnyama wa Gévaudan. Kati ya mwaka 1764 na 1767 mnyama mkali, au labda wanyama kadha wa kadha, aliwaua watu wapatao 100 katika nchi ile, hasa wanawake na watoto waliochunga mifugo. Mfalme alituma askari na wawindaji. Mwisho mkulima mmoja, Jean Chastel, alimpiga risasi mnyama mkubwa wa jamii ya mbwa mwitu tarehe 19 Juni 1767, na mauaji yakakoma. Kijana apitaye leo mbio katika msitu ule, akisikiliza ndege, akumbuke kwamba zamani watoto wa umri wake walipita humo wakitetemeka, kwa sababu ng'ombe wa baba ni lazima wale.

Lakini Saugues una sifa nyingine iliyo bora. Katika karne ya 19 aliishi humo Bruda Benilde Romançon, wa shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo, wanaojulikana katika Kongo pia kwa shule zao. Alikuwa mfupi wa kimo, mwana wa wakulima. Aliiongoza shule ya Saugues miaka zaidi ya 20 mpaka kufa kwake mwaka 1862. Hakufanya safari kubwa, hakuandika vitabu vya sifa. Kila siku kengele ya shule, kila siku daftari za watoto, kila siku katekisimu na sala. Papa Paulo VI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1967.

Twamtaja hapa kwa sababu mbio ndefu hufanana na maisha yake. Hakuna hatua moja iliyo ya ajabu. Hatua ni ileile, mara elfu na elfu, na ushindi ni wa yule asiyechoka kuirudia. Haba na haba hujaza kibaba.

UWANDA WA AUBRAC

Kutoka Saugues njia hupita misitu ya misonobari na mawe makubwa ya kijivu ya Margeride, na kikanisa cha Mtakatifu Roko, kisha hufika Aumont. Hapo miti hupungua, na mkimbiaji huingia katika Aubrac. Ni uwanda wa majani usio na mwisho machoni, kimo chake metri 1.200, 1.300 na zaidi. Upepo hauna kizuizi. Kuta za mawe hugawanya malisho. Ng'ombe wa Aubrac wana rangi ya ngano iliyoiva, pembe ndefu, na macho kana kwamba yamepakwa wanja. Watu waliotembea katika vilima vya Masisi watajiona kama wako kwao.

Ng'ombe hao hupandishwa malishoni mwishoni mwa mwezi wa Mei, wamepambwa maua na kengele. Hushushwa katika Oktoba kabla ya theluji. Zamani wachungaji walikaa huko juu wakati wote wa joto, katika vibanda vya mawe, wakitengeneza jibini ya Laguiole. Vibanda hivyo vilikuwa mamia. Siku hizi kazi hiyo imekoma karibu katika vyote. Vijana waliondoka, wengi wakaenda Paris kuuza makaa na kahawa. Mkoa wa Lozère, ambao njia yetu huukata, ndio wenye watu wachache kuliko mikoa yote ya Ufaransa: hawafiki 80.000. Shule nyingi zimefungwa, na makanisa mengi hupata Misa mara chache tu, kwa kuwa Padri mmoja ana vijiji vingi.

Mwaka 1960 wakulima vijana wa Laguiole waliungana katika ushirika ili jibini yao isife, nayo haikufa. Na tangu miaka ya 1970, njia ya mahujaji ilipotiwa alama upya, wapita njia wamerudi. Penye wapita njia pana chumba cha kulala, sahani ya viazi vilivyopondwa pamoja na jibini changa, duka la mikate. Kwa hiyo mkimbiaji aletaye chakula chake chote toka mjini, akapita bila kununua mkate wala kusalimu, ameitumia njia asiilipe deni lake.

Ana deni jingine pia. Kijia hukata malisho ya watu. Lango alilolikuta limefungwa, alifunge. Alilolikuta wazi, aliache wazi. Asipite katikati ya ng'ombe jike na ndama wake, kwa maana jike mwenye ndama hana mzaha. Azunguke mbali, polepole, bila kelele. Penye kondoo, mbwa wakubwa weupe hulinda kundi. Mkimbiaji akiwaona, aache kukimbia, atembee, asiinue fimbo. Mfugaji mmoja akichoshwa na wageni wasio na adabu aweza kuifunga njia ya watu wote. Mgeni mmoja huharibu mkeka wa wageni mia.

KENGELE YA WALIOPOTEA

Sasa twafika mahali tulipopaahidi. Kilometri tisa hivi baada ya Nasbinals, njia hupanda kupita metri 1.360, kisha hushuka hata kijiji cha Aubrac. Sehemu hii, kutoka Nasbinals hata Saint-Chély-d'Aubrac, kilometri 17 tu, tangu mwaka 1998 imehesabiwa katika urithi wa dunia pamoja na sehemu nyingine za njia za Mtakatifu Yakobo. Wakimbiaji wengi husema kwamba haina mfano kwa uzuri. Lakini ukungu ukishuka, uzuri wote hufutika kwa dakika kumi. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna mlima wa kuutazama. Katika majira ya baridi tufani ya theluji hufukia kuta na alama. Mtu huzunguka mahali pamoja mpaka nguvu zimwishie.

Mapokeo yasimulia kwamba karibu ya mwaka 1120 mtu mkubwa wa Flandria, jina lake Adalard, alipopita hapo akielekea Compostela, aliponea chupuchupu katika mikono ya wanyang'anyi. Aliweka nadhiri ya kujenga nyumba mahali palepale. Akaijenga: kanisa, hospitali, na nyumba ya wageni kwa mahujaji na maskini. Watawa waliwapa mkate waliobisha hodi. Mashujaa wenye silaha waliwalinda wasafiri. Na katika mnara palikuwa na kengele, ambayo watu waliiita kengele ya waliopotea. Ukungu ukishuka, au theluji ikipiga, kengele ililia usiku kucha, ili mtu aliyepotea huko uwandani aufuate mlio wake, afike penye moto na supu.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliikomesha nyumba hiyo. Kanisa lingalipo, nalo laitwa Kanisa la Bibi Yetu wa Maskini. Mkimbiaji afikaye hapo, jasho likimtoka, husimama kivulini mwake kunywa maji.

Tufikiri kidogo, ndugu wasomaji. Watawa wale hawakujua nani yuko nje. Labda hakuwako mtu. Labda alikuwako mwizi. Hawakuuliza. Mmoja aliamka kitandani, akashika kamba, akavuta, kwa ajili ya mtu asiyemwona.

MKIMBIAJI ASIMAMAPO

Siku hizi hakuna mtawa wa kuvuta kamba usiku. Lakini wakimbiaji ni wengi kuliko zamani. Mwezi wa Juni Le Puy huwa na mashindano makubwa yaitwayo kwa jina la Mtakatifu Yakobo. Na katika Aubrac kuna mbio ziitwazo Trans Aubrac, zenye kilometri zipatazo 105. Katika mashindano ya namna hiyo kila mtu huamriwa kuchukua maji, kipenga, na shuka jembamba la kukinga baridi. Anayeumia apige kipenga mara sita kwa dakika moja, anyamaze dakika moja, apige tena. Mwenye simu apige namba 112, itumikayo Ulaya nzima kwa kuita msaada.

Na yule asikiaye kipenga, afanye nini? Hapo ndipo penye jaribu. Amejizoeza miezi mingi. Ametumia fedha zake. Yuko wa tano, labda wa tatu. Nyuma ya ukuta wa mawe, ndani ya ukungu, sauti inalia. Akisimama, atapoteza dakika 40, na baridi itamkaza misuli. Asiposimama, hakuna mtu atakayejua, isipokuwa Mungu na dhamiri yake.

Kanuni za mashindano hayo husema wazi: mkimbiaji sharti amsaidie mwenzake aliye hatarini. Sheria ya Ufaransa nayo humwadhibu mtu aachaye kumsaidia mwenzake, hali aliweza bila kujihatarisha. Lakini Mkristo hangojei sheria. Amemsikia Bwana akisimulia habari za Msamaria, na za wale wawili waliopita upande wa pili wa njia. Wale wawili hawakuwa wauaji. Walikuwa na haraka tu.

Yeye asimamaye ndiye amekuwa kengele. Mnara umenyamaza, bali moyo wake umelia, na aliyepotea ameokolewa. Mtume Paulo aliyafananisha maisha ya Mkristo na mbio, akasema habari za taji isiyoharibika. Tusidhani kwamba taji hiyo hupewa mwenye miguu myepesi kuliko wote.

HATA CONQUES

Kutoka Aubrac njia hushuka metri 500 hivi hata Saint-Chély, kisha hata bonde la mto Lot, penye hewa ya joto, Espalion na daraja lake la mawe mekundu, na Estaing na ngome yake. Mwisho huanguka kwa kasi katika bonde jembamba, na hapo msafiri huona paa za kijivu za Conques. Kanisa lake kubwa ni la Mtakatifu Foy, msichana aliyeuawa kwa ajili ya imani huko Agen, zamani za watesi wa Roma. Juu ya mlango, mafundi wa karne ya 12 walichonga Hukumu ya Mwisho, watu 124 katika mawe. Kristo yuko katikati. Upande wa kuume yuko Foy, mtoto mdogo, amepiga magoti, na mkono wa Mungu wamwelekea. Wasafiri husimama chini ya jiwe hilo kimya, na vumbi miguuni.

Enyi wanafunzi, vijia viko kwetu pia, vizuri kama vya Aubrac. Yeye apendaye kuanza mbio aanze polepole, aongeze mwendo kidogo kidogo kila juma, anywe maji safi, amwambie mtu wa nyumbani njia atakayoishika na saa ya kurudi, asikimbie peke yake mahali pasipo na amani. Radi ikinguruma, ashuke toka kileleni. Akimkuta mzee mwenye mzigo, asimame amsalimu, na ikiwa njia ni moja, amtwalie mzigo hata njia panda.

Atachelewa kidogo kufika nyumbani. Wasimkemee.